Dhahabu ya Sekenke na Jina la Singida

Barabara itokayo Singida mjini kuelekea Nzega hupita katika nchi ya Wanyiramba, na kabla ya kuufikia uwanda wa Wembere huteremka mlima Sekenke. Madereva wa malori wanalijua jina hilo kwa kona zake. Wachimbaji wanalijua kwa dhahabu yake. Wajerumani walichimba hapo kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza wakaendelea baada yao, na wachimbaji wadogo wakarithi mashimo. Lakini ajabu ya dhahabu ya Sekenke si wingi wake. Ajabu yake ni jinsi ilivyopata umaarufu kwa jina la mahali pengine.

Mwaka 1916 bahari ilikuwa imefungwa na manowari za Kiingereza, na serikali ya Kijerumani katika Afrika Mashariki ilikuwa imeishiwa sarafu. Dhahabu ya Sekenke ikapelekwa Tabora, ikayeyushwa katika karakana ya reli, ikapigwa chapa ikawa sarafu ya rupia 15. Upande mmoja ulichorwa tembo na milima nyuma yake, upande wa pili tai wa Kijerumani, na herufi T nayo ikawekwa. Zilitoka sarafu kama 16,000 tu, na leo hutafutwa na wakusanyaji wa dunia nzima, ambao huziita sarafu za Tabora. Herufi ya Sekenke haimo. Jiwe lilitoka Iramba, jina likaandikwa la Unyamwezi.

Karne moja baadaye, mkoa huo huo wa Singida uliingia katika historia ya namna nyingine, nayo ni historia ya kandanda. Safari hii mambo yalikwenda kinyume. Timu zilitoka kwingine, zikaja kupigwa chapa ya Singida. Katika muda usiozidi miaka minane, kutoka mwaka 2017 hadi 2025, vilabu vitatu vilicheza Ligi Kuu ya Tanzania Bara vikiwa na jina hilo kifuani. Kimoja kilishuka, kimoja kilihama, na cha tatu kilitwaa ubingwa wa Afrika Mashariki na Kati. Anayetaka kujua klabu ni kitu gani hasa, yaani kama ni jina, au mji, au watu, au cheti cha usajili, hana darasa bora kuliko hili.

Klabu ya kwanza kati ya hizo ni Singida United. Timu hii ilikuwa ya mkoa kwa maana ya zamani ya neno hilo. Ilikuwa imewahi kuonja daraja la juu, ikateremka, ikakaa chini miaka mingi kama zilivyokaa timu nyingi za bara zisizokuwa na kiwanda wala jeshi la kuzilea. Mwaka 2017 ilipanda pamoja na Lipuli ya Iringa na Njombe Mji. Zilipanda timu tatu za miji ya ndani kwa mpigo, na wapenzi wa mpira wakaona kwamba kandanda la Tanzania linaanza kutoka katika mitaa miwili ya Dar es Salaam, Jangwani na Msimbazi.

Singida United haikupanda kinyonge. Ilimchukua kocha ambaye nchi nzima ilikuwa ikimfahamu, Hans van der Pluijm, Mholanzi aliyekuwa ameipa Yanga ubingwa wa ligi misimu miwili mfululizo, 2014/15 na 2015/16. Ujanani Pluijm alikuwa mlinda mlango wa FC Den Bosch, klabu ya mji wa kusini mwa Uholanzi. Baadaye akafundisha mpira Ghana na Ethiopia kabla ya kufika Dar es Salaam. Sasa mtu wa nchi iliyo chini ya usawa wa bahari alikuwa akifundisha mpira katika uwanda wa juu wa Tanzania, mahali ambapo mvua ni chache na upepo hauishi.

Klabu aliyokulia Pluijm yafaa ikumbukwe hapa, kwa sababu Waholanzi nao wamepitia njia hii ya majina. FC Den Bosch haikuzaliwa na watu wa mtaa waliokusanyika chini ya mti. Ilizaliwa mwaka 1965 kwa kuunganishwa vilabu viwili vya mji mmoja, BVV na Wilhelmina, na hiyo BVV ilikuwa bingwa wa Uholanzi mwaka 1948. Bingwa alikubali kufa jina ili mji ubaki na timu. Mwaka huo huo wa 1965 ilizaliwa FC Twente kwa njia kama hiyo, na mwaka 1967 ikaundwa AZ kutokana na Alkmaar '54 na FC Zaanstreek, klabu ambayo baadaye ilichukua ubingwa wa nchi mwaka 1981 na 2009. Hata PSV ya Eindhoven, iliyotwaa Kombe la Ulaya mwaka 1988, ilianzishwa mwaka 1913 kwa ajili ya wafanyakazi wa kiwanda cha Philips. Kwa hiyo haitoshi kusema kwamba klabu ya kweli ni ile isiyoguswa na fedha wala karatasi. Uholanzi, taifa dogo lililoitikisa Ulaya kwa mpira wake, limejaa vilabu vilivyotengenezwa mezani.

Tofauti iko mahali pamoja. BVV na Wilhelmina zilipounganishwa hazikuhama. Mtu wa Den Bosch aliyekuwa akienda uwanjani kuitazama BVV aliendelea kwenda uwanjani katika mji wake. Jina lilibadilika, njia ya kwenda mpirani haikubadilika.

Hayo hayo yanaonekana Dar es Salaam. Yanga iliasisiwa mwaka 1935, na mwaka uliofuata wakatoka humo waliounda klabu nyingine. Klabu hiyo ya pili iliitwa Queens, ikaitwa Eagles, ikaitwa Sunderland, na mwaka 1971 ikaitwa Simba. Imepita katika majina manne na hakuna aliyepotea njia. Aliyekuwa shabiki wa Sunderland jioni aliamka Simba asubuhi, na utani wake na jirani yake wa Yanga haukukatika hata siku moja. Jina lilikuwa kanzu tu, na mwili uliokuwa ndani yake ulikuwa Msimbazi.

Chini ya Pluijm, Singida United ilimaliza msimu wa 2017/18 ikiwa ya tano, nyuma ya Simba, Azam, Yanga na Tanzania Prisons. Msimu huo huo ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam. Fainali ilichezwa Arusha, uwanja wa Sheikh Amri Abeid, tarehe 2 Juni 2018, na Mtibwa Sugar wakashinda mabao 3 kwa 2. Tundu lilikuwa dogo kati ya Singida na safari ya kwanza ya Afrika, na lilizibwa na timu ya kiwanda cha sukari iliyokwisha kuwa bingwa wa nchi mwaka 1999 na 2000.

Pluijm alihamia Azam mwaka huo, na timu ikakabidhiwa Hemed Suleiman, ambaye Zanzibar nzima inamjua kwa jina la Morocco. Lakini mambo yalikuwa yameanza kulegea. Kupanda daraja ni gharama, na kubaki juu ni gharama kubwa zaidi: safari za kilomita elfu kwa basi, mishahara ya wageni, kambi, viwanja vya kukodi. Timu ya mkoa usio na kiwanda kikubwa hutegemea mdhamini na mlezi, na mdhamini akipunguza mkono, mchezaji hupunguza mguu. Msimu wa 2019/20 Singida United iliteremka. Miaka mitatu ilitosha kuinuka na kuanguka.

Hapo ndipo historia ingeweza kuishia, kama ilivyoishia ya miji mingi ya bara. Haikuishia. Mwaka 2022 zilipanda Ligi Kuu timu mbili kutoka daraja la chini yake. Moja ilikuwa DTB, timu iliyobeba jina la benki. Nyingine ilikuwa Ihefu, timu ya Mbarali, katika mashamba ya mpunga ya mkoa wa Mbeya. Siku ile zilipopanda pamoja, hakuna aliyejua kwamba zote mbili, kwa zamu, zitakuja kuitwa Singida.

DTB ilitangulia. Kabla ya msimu wa 2022/23 kuanza ilibadilishwa jina ikaitwa Singida Big Stars, ikahamia uwanja wa Singida, ikamwita tena Mholanzi yule yule. Pluijm alirudi katika mji ule ule na timu nyingine kabisa, lakini jina la kwanza la timu lilikuwa lile lile. Watu wakajaa uwanjani. Hawakuuliza cheti. Kwa miaka miwili uwanja wao ulikuwa hauna mpira wa daraja la juu, na mwenye njaa hachagui sahani.

Uwanja wenyewe una habari yake. Zamani uliitwa Namfua. Baadaye ukapewa jina la Liti. Liti Kidanka ni mwanamke wa Kinyaturu ambaye masimulizi ya nchi yake yanamtaja kuwa aliwapinga Wajerumani mwanzoni mwa karne ya ishirini, akiwatumia nyuki kuwa askari wake. Nyuki si jambo geni Singida, nchi ya asali. Ni haki kwamba mahali panapokutana maelfu ya watu pamekumbukwa mtu ambaye silaha yake ilikuwa kiumbe kidogo kisichopigana peke yake. Na katika habari hii yote ya majina yanayokuja na kwenda, Liti ndilo jina lililotoka katika ardhi yenyewe.

Singida Big Stars ilimaliza msimu wake wa kwanza ikiwa ya nne, nyuma ya Yanga, Simba na Azam. Katikati ya msimu huo ilivuka bahari. Kombe la Mapinduzi la Januari 2023 liliikuta fainali, uwanja wa Amaan, mbele ya Mlandege. Watabiri wengi waliipa nafasi timu ya Bara, kwa sababu ya mikataba yake na wageni wake. Mlandege, timu ya Unguja, ikashinda mabao 2 kwa 1. Usiku ule visiwa vilisherehekea, na waliokuwa na kumbukumbu ya methali wakaikumbuka: mcheza kwao hutunzwa.

Methali hiyo ndiyo kiini cha mambo yote haya. Mcheza kwao hutunzwa kwa sababu anajulikana. Akikosea anasamehewa, kwa kuwa ni mtoto wa fulani. Akipatia anashangiliwa maradufu, kwa kuwa ni mtoto wa fulani. Mlandege ilikuwa kwao kwa maana hiyo. Je, Singida Big Stars ilikuwa kwao wapi? Kwa karatasi, kwao Singida. Kwa umri, ugeni wake katika mji huo ulikuwa haujatimiza mwaka.

Jibu lilikuja mapema kuliko ilivyotazamiwa. Mwaka 2023 timu ilibadilishwa jina tena, ikawa Singida Fountain Gate. Kwa jina hilo ilicheza Kombe la Shirikisho la Afrika, ikaitoa JKU ya Zanzibar katika hatua ya mwanzo, kisha ikatolewa na Future ya Misri. Mwaka 2024 ikafunga virago. Neno Singida likafutwa, ikabaki Fountain Gate, na makazi yakawa Babati, mkoa wa Manyara.

Mji wa Singida haukubaki yatima, kwa kuwa wakati ule ule Ihefu ilikuwa inaingia kwa mlango mwingine. Msimu wa 2023/24 ukiwa katikati, Ihefu iliondoka Mbarali ikaja kucheza uwanja wa Liti, na msimu uliofuata ikaitwa Singida Black Stars. Basi mji mmoja ulipoteza timu, mji wa pili ukapata, mji wa tatu ukapoteza na kupata kwa mwaka mmoja. Kalamu ndiyo iliyofanya yote hayo, si mguu.

Ni vyema kusimama kidogo na watu wa Mbarali, maana katika sherehe za wengine husahauliwa. Tarehe 29 Novemba 2022 timu yao, katika uwanja wa mashambani, iliifunga Yanga mabao 2 kwa 1, na kuikatisha Yanga ilipokuwa imecheza mechi 49 za ligi bila kufungwa. Oktoba 2023 Yanga ilirudi, ikafungwa tena kwa idadi ile ile. Kwa mkulima wa mpunga wa Ubaruku, siku hizo mbili ni tarehe za kuhesabia umri wa watoto. Ndani ya miezi michache baada ya ushindi wa pili, timu haikuwapo tena. Haikufa uwanjani. Haikushuka. Iliondoka tu, ikiwa hai, na wachezaji wake, kwenda kuwa fahari ya watu wengine.

Wanaotetea mwenendo huo wana hoja, na hoja yao isidharauliwe. Wanasema: timu bila fedha ni jina la kuzikia. Mbarali isingeweza kuilisha timu ya ligi kuu milele, na Singida United, pamoja na utoto wake wote wa mkoani, ilikufa kwa njaa. Wanasema pia kwamba aliyelipa gharama ana haki ya kuchagua nyumba. Na wanaonyesha matunda. Msimu wa 2024/25 Singida Black Stars ilimaliza ya nne. Katika Kombe la Shirikisho la nchi iliifunga Simba mabao 3 kwa 1 katika nusu fainali, iliyochezwa Babati, mji ule ule uliompokea ndugu yake wa zamani. Fainali ikaja Zanzibar, uwanja mpya wa Amaan, tarehe 29 Juni 2025, na Yanga wakashinda 2 kwa bila.

Mwezi mmoja kabla, uwanja huo huo ulikuwa umepokea jambo kubwa zaidi. Tarehe 25 Mei 2025 Simba ilirudiana hapo na RS Berkane ya Morocco katika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika. Simba ilikuwa imefungwa 2 kwa bila ugenini, ikatoka sare ya 1 kwa 1 nyumbani, kombe likaenda Morocco. Nyumbani! Simba ya Msimbazi ilikuwa nyumbani Unguja. Hata vigogo, basi, hucheza kwao mahali ambapo si kwao, viwanja vya bara vinapokosa sifa. Lakini hakuna mtu wa Kariakoo aliyeogopa kwamba Simba haitarudi. Aliazima uwanja, hakuhamisha kaburi la wazee.

Septemba 2025 ndipo Singida ilipopata taji. Katika Kombe la Kagame, mashindano ya vilabu bingwa vya Afrika Mashariki na Kati, Singida Black Stars iliifunga Al Hilal ya Omdurman mabao 2 kwa 1 katika fainali iliyochezwa Dar es Salaam. Kutoka Tanzania Bara, ni Simba, Yanga na Azam tu waliokuwa wamelitwaa kombe hilo kabla yake. Simba ililichukua mwaka 1974, na Yanga mwaka uliofuata, hapa Zanzibar, mbele ya Simba. Baada ya miaka hamsini, jina la mkoa wa asali na chumvi na alizeti liliandikwa katika orodha ile. Msimu huo huo timu ikafika hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho la Afrika, mahali ambapo Singida United iliishia kuota.

Benchi la Singida nalo lilikuwa limekuwa shule ya taifa. Hemed Morocco, aliyepita Singida United, aliiongoza Taifa Stars katika mashindano ya CHAN ya Agosti 2025. Miguel Gamondi wa Argentina, aliyeipa Singida Black Stars Kombe la Kagame, alikabidhiwa Taifa Stars Novemba 2025 akaivusha hadi hatua ya 16 bora ya Kombe la Mataifa ya Afrika, jambo ambalo Tanzania haikuwahi kulifikia. Mwenye kusema kwamba vilabu hivi havikuacha kitu atakuwa amedhulumu ukweli.

Swali, hata hivyo, halijibiwi na kombe. Kombe linaweza kubebwa; ndiyo sababu lina masikio. Swali ni kitu gani kitabaki Singida siku timu itakapobebwa. Msimbazi, ukiondoa makombe yote, linabaki jengo, wanachama, majina ya marehemu, na utani usiokwisha. Den Bosch, BVV ilipokufa, ulibaki mji na njia ya kwenda uwanjani. Shairi likipoteza kichwa chake bado ni shairi, maadamu vina na mizani vimo ndani. Lakini kichwa kikihamishwa kikabandikwa juu ya beti nyingine, msomaji anayo haki ya kuuliza beti za kwanza zimekwenda wapi.

Dawa yake haipatikani kwa kulaani fedha. Inapatikana kwa kuifunga fedha mahali. Timu inayotaka kuitwa Singida na iwe na watoto wa Iramba, Manyoni, Mkalama na Ikungi katika vikosi vyake vya vijana, kwa idadi inayoonekana. Iwe na wanachama ambao bila idhini yao jina halibadilishwi na makazi hayahamishwi. Na wanaosimamia mpira wa nchi waweke kanuni kwamba timu haiondoki katika mji katikati ya msimu kama mpangaji aliyekimbia kodi. Hayo yakiwapo, asili ya timu itasahaulika kwa haki, kama Waholanzi walivyosahau kwamba Twente ni mtoto wa mkataba. Yasipokuwapo, kila ushindi utakuwa na wasiwasi ndani yake.

Sarafu za Tabora ni nzuri. Tembo wake amechorwa kwa mkono wa fundi, na dhahabu yake haijachuja kwa zaidi ya miaka mia moja. Anayezitaka hulipa fedha nyingi, na muuzaji atamweleza habari za vita, za reli, za herufi T. Huenda asilitaje kabisa shimo la Sekenke. Singida sasa inalo jina lake juu ya kombe, jambo ambalo Sekenke haikulipata juu ya sarafu. Kilichobaki ni kuhakikisha kwamba chini ya jina hilo mna udongo wa kwao.